Krotoni Katika Nchi ya Baridi

Mtu apitaye katika vijiji vya Muheza, au katika mitaa ya Tanga, Dar es Salaam na Unguja, huona mbele ya nyumba nyingi mti mfupi wenye majani ya ajabu. Jani moja ni la kijani lenye mishipa ya manjano; la pili ni jekundu kama damu; la tatu lina madoadoa kana kwamba mtu amelirushia rangi. Mti huo ndio krotoni. Watu wa pwani wameuzoea hata hawautazami tena. Walakini kwetu Mbulu na Hanang mti huu ni mgeni, na mgeni asiyejulikana desturi zake hutunzwa vibaya ijapokuwa wenyeji wake wanampenda. Kwa sababu hiyo tumeona vema kuwaeleza wasomaji, hasa walimu na wazee wapendao kupamba nyumba na shule zao, tabia za mti huu na namna ya kuulinda usife.

Jambo lililonifanya nishike kalamu ni hili. Mwalimu mmoja, mzaliwa wa Muheza, ambaye kazi yake imemleta katika milima yetu ya Mbulu, alifiwa na mama yake. Matanga yalipokwisha, akachukua mche mmoja wa krotoni kutoka katika ua ambao marehemu aliupanda kwa mkono wake, akautia katika kopo lenye udongo, akaupakata katika motokaa hata akafika kwake. Hiyo ilikuwa mwezi wa Juni. Akauweka barazani, mahali ambapo kila aingiaye angeuona. Hazikupita wiki mbili majani yakaanza kupukutika, hata ukabaki mti mtupu kama fimbo. Wakati huohuo akapata habari kwamba ndugu zake wameung'oa ua wote wa zamani ili kujenga nyumba mpya. Basi ile fimbo katika kopo ndiyo iliyosalia peke yake.

Akaja kwangu, akasema, "Bwana Karani, nimeuua mti wa mama. Jirani yangu aniambia kwamba umemfuata mwenyewe."

Nikamwuliza, "Mwalimu, umeunywesha maji mara ngapi?"

Akajibu, "Asubuhi na jioni, kila siku, tangu jani la kwanza lilipoanguka."

Niliposikia hayo nilijua ugonjwa wake, maana miaka michache iliyopita mimi mwenyewe niliua krotoni kwa njia hiyohiyo. Tutarudi kwa habari ya mwalimu huyu baadaye. Kwanza yatupasa kuujua mti wenyewe.

ASILI YAKE NA JINA LAKE

Krotoni si mti wa Afrika. Asili yake ni nchi za joto zilizo mashariki ya Bahari ya Hindi na magharibi ya Bahari ya Pasifiki, yaani Malaysia, visiwa vya Indonesia, New Guinea na sehemu za kaskazini za Australia. Mmoja wa watu wa kwanza wa Ulaya kuandika habari zake alikuwa Georg Rumphius, Mjerumani aliyeitumikia kampuni ya biashara ya Waholanzi katika kisiwa cha Ambon. Bwana huyu alipofuka macho mwaka 1670, lakini hakuiacha kazi yake. Aliendelea kueleza habari za mimea, na wengine wakamwandikia. Alifariki mwaka 1702, na kitabu chake kikubwa kilianza kupigwa chapa mwaka 1741. Jina la kitaalamu la mti huu, Codiaeum, latokana na jina walilouita watu wa kisiwa cha Ternate.

Jina hili la krotoni tulitumialo lilitoka kwa mtaalamu wa Sweden, Carl Linnaeus, aliyeuweka mti huu mwaka 1753 katika kundi la miti iitwayo Croton. Baadaye wataalamu waliuhamisha katika kundi lake wenyewe, lakini watu walikuwa wamekwisha kulizoea jina la kwanza. Neno lenyewe ni la Kiyunani, na maana yake ni kupe. Wafugaji wa ng'ombe hawatashangaa wakitazama mbegu za mbarika, kwa kuwa mbegu hizo zafanana sana na kupe aliyeshiba damu, na mbarika na krotoni ni ndugu. Katika ukoo huo wamo pia mhogo, mbono, na mnyaa ambao tunaupanda kuwa ua wa boma. Ni vema msomaji akumbuke udugu huo na mnyaa, kwa maana una maonyo yake, kama tutakavyoona.

SABABU YA RANGI ZAKE

Kila jani lina kitu cha kijani ambacho hulisaidia kutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Katika jani la krotoni mna rangi nyingine pamoja na kijani hicho: manjano ya namna ya rangi iliyo katika karoti, na wekundu. Mara nyingi jani changa hutokea likiwa la kijani au la manjano, na wekundu huja kadiri lizeekavyo. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba mti wake umepoteza rangi aonapo majani ya juu hayana wekundu.

Lakini mti ukiwekwa mahali penye giza, huhitaji kijani kingi ili kuukamata mwanga kidogo uliopo, na majani mapya hutoka ya kijani kitupu. Krotoni iliyofichwa katika pembe ya chumba yaweza kuishi, ila haitakuwa na uzuri uliomfanya mtu aitafute.

KWA NINI HUPUKUTISHA MAJANI

Hapa ndipo penye shida yetu sisi watu wa milimani. Kwa kawaida, kila mtu apandapo mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, joto la hewa hupungua kwa digrii 6 hivi. Muheza haifiki mita 300. Mji wa Mbulu uko juu ya mita 1,500, na Katesh uko chini ya Mlima Hanang, ambao kilele chake chapata mita 3,400. Basi mti utokao Muheza na kuletwa Mbulu umehamishwa kutoka joto hadi baridi kwa siku moja au mbili. Sisi wanadamu tukifika huku twavaa koti; mti hauna koti.

Krotoni hupenda joto la digrii 18 na kuzidi. Joto likishuka chini ya digrii 13 huanza kuumia, na ikiwa baridi hiyo hurudi kila usiku, hutupa majani. Usiku wa Juni na Julai katika milima yetu ni wa baridi kali kwa mti wa namna hii, na upepo wa alfajiri huongeza madhara. Zaidi ya hayo, krotoni huchukia kuhamishwa. Hata ikitolewa chumba kimoja na kuwekwa kingine, yaweza kuangusha majani kadha wa kadha mpaka izoee mwanga mpya. Kwa hiyo majani kuanguka si ishara ya uchawi, wala si lazima iwe ishara ya kifo. Mara nyingi ni mti kujipunguzia mzigo.

Ili kujua kama mti u hai au umekufa, fanya hivi: kwaruza gome la shina kidogo kwa ukucha. Ukiona kijani chenye unyevu chini ya gome, mti u hai. Ukiona hudhurungi kavu, sehemu hiyo imekufa; shuka chini inchi chache ukwaruze tena. Yawezekana ncha imekufa na chini ku hai, nawe utakata sehemu iliyokufa tu. Mwalimu yule alipokwaruza ncha ya fimbo yake aliona hudhurungi. Akashuka inchi 3, ikawa vilevile. Aliposhuka tena karibu na udongo, akaona kijani. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi tuendelee."

MAJI

Kosa lililo kubwa kuliko yote ni maji mengi. Mti usio na majani hunywa kidogo sana, maana maji mengi yapandayo katika shina hutokea kwa njia ya majani. Mtu aonaye majani yakianguka hudhani mti una kiu, naye huuzidishia maji. Udongo hujaa maji, hewa hukosekana, na mizizi huoza. Mizizi ikioza, mti haunywi tena, nao hunyauka kana kwamba una kiu. Mwenyewe huongeza maji tena, na hivyo humaliza kazi iliyoanzwa na baridi.

Kanuni ni hii: tia kidole katika udongo hata kifundo cha kwanza. Ukiona unyevu, usitie maji. Ukiona pakavu, tia polepole mpaka maji yatokee chini ya chombo, kisha mwaga yale yaliyotuama katika kisahani. Maji yakituama siku nyingi katika visahani, mbu watataga humo, na pambo la nyumba litakuwa mlango wa maradhi.

Katika miezi ya baridi huenda mti usihitaji maji ila mara moja kwa wiki, au hata chini ya hapo. Katika miezi ya jua kali kabla ya mvua, huenda ukahitaji mara mbili au tatu. Maji baridi sana ya alfajiri hayafai. Yaache kwanza ndani mpaka yapoteze ubaridi wake.

Twajua pia kwamba katika vijiji vingi maji ya kiangazi huchotwa mbali, tena wachotao ni akina mama na watoto. Haifai mtoto atumwe kisimani kwa ajili ya pambo. Maji yaliyoosha mchele au mboga, yasiyo na chumvi wala sabuni, yatosha kabisa. Kikombe kimoja au viwili kwa chombo kidogo ndicho kiasi chake.

CHOMBO NA UDONGO

Si lazima kununua chungu cha mapambo. Ndoo kuukuu, debe au kopo kubwa vyafaa, mradi vitobolewe matundu chini, manne au matano, ili maji yapate njia. Chombo kisichokuwa na tundu ni kaburi la mti. Usichague chombo kikubwa mno kwa mche mdogo, maana udongo usiofikiwa na mizizi hukaa na maji siku nyingi.

Udongo mzito wa mfinyanzi usitumiwe peke yake. Changanya sehemu mbili za udongo mweusi wa bustani, sehemu moja ya mchanga wa mtoni, na sehemu moja ya samadi iliyooza vizuri. Kwa habari ya samadi hatuna haja ya kuwafundisha watu wa Kainam, ambao wazee wao tangu zamani walijulikana kwa kuitunza rutuba ya mashamba ya milimani kwa mbolea ya ng'ombe. Jambo moja tu twasisitiza: samadi mbichi huunguza mizizi, ngoja mpaka isiwe na joto wala harufu kali. Usitie mbolea katika miezi ya baridi, kwa maana mti uliolala haulishwi.

MAHALI PA KUUWEKA

Mahali pazuri ni karibu na dirisha au chini ya baraza, upande upatao jua la asubuhi. Mti uliozoea kivuli usipelekwe kwenye jua la adhuhuri ghafula, usije ukaungua. Uzoeshe kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili. Kuanzia Juni hadi Agosti uingizwe ndani kila jioni, mbali na mlango wenye upepo. Usiwekwe jikoni penye moshi, kwa sababu masizi huyafunika majani na kuyazuilia mwanga.

Wale wakaao bondeni, kama Magugu na sehemu nyingine zilizo karibu na Ziwa Manyara, wana nafuu. Joto lao laruhusu krotoni kupandwa ardhini, mradi ipate maji wakati wa kiangazi.

VUMBI NA WADUDU

Kiangazi chetu kina vumbi jingi. Futa majani kwa kitambaa kilicholowa mara moja kila wiki, juu na chini. Kazi hiyo yarudisha mng'ao wake, na pia huwafukuza utitiri wekundu, wadudu wadogo mno wapendao hewa kavu. Ukiona majani yana vidoa vyeupe kama vumbi la unga, na utando mwembamba chini yake, ndio hao. Wako pia vidung'ata, walio kama pamba katika vifundo vya matawi. Osha mti wote kwa maji yenye sabuni kidogo, kijiko kimoja cha chai cha sabuni laini katika lita moja ya maji, kisha uusuuze kwa maji safi. Rudia kila baada ya siku 5 au 7, mara tatu, kwa sababu mayai yaliyobaki huanguliwa baadaye.

KUUZIDISHA

Mbegu za krotoni zaweza kuzaa miti yenye rangi tofauti na mama yao. Lakini tawi likioteshwa huwa ni mti uleule, wenye rangi zilezile. Njia iliyo salama katika nchi ya baridi ni kuliotesha tawi likiwa bado juu ya mti.

Chagua tawi lenye unene wa penseli, wakati wa mvua na joto. Ondoa gome kulizunguka, upana wa inchi moja, ukwangue uteute wa kijani uliobaki, na uache utomvu ukauke. Twaa majani laini ya kijani yaotayo juu ya mawe na magogo yenye unyevu, yaloweke, uyakamue, kisha ukizunguke kidonda kwa konzi moja ya majani hayo. Funika kwa kipande cha nailoni, ufunge juu na chini kwa uzi. Baada ya miezi miwili hivi, au zaidi kidogo penye baridi, utaona mizizi myeupe. Ndipo ukate chini ya mizizi hiyo na kupanda. Tawi halikatwi na mama yake mpaka limejua kunywa peke yake.

ONYO

Tulisema kwamba krotoni ni ndugu wa mnyaa. Utomvu wake huwasha ngozi za watu wengine na kutia nguo madoa, na majani yake yakitafunwa huunguza kinywa na kuumiza tumbo. Ukiwa umelikata tawi, osha mikono kwa sabuni kabla ya kugusa macho. Utomvu ukiingia machoni, osha kwa maji mengi safi. Mtoto akitafuna jani, msukutulishe kinywa, mpe maji kidogo ya kunywa, usimtapishe, umpeleke zahanati ukichukua jani lenyewe mkononi ili mganga alitambue. Mbuzi na ndama pia wasiachwe karibu.

Onyo hili lahusu zaidi difenbakia na kaladiamu, mimea mingine ya majani mapana yenye mabaka, ambayo watu huinunua mijini kwa uzuri wake. Hiyo ina chembe kali kama sindano, na mtu akiitafuna ulimi huvimba. Nyumba yenye mtoto atambaaye ni afadhali isiwe nayo.

KWA WASIOWEZA KUNGOJA

Anayekaa mahali penye baridi sana, na asiyekuwa na nafasi ya kuingiza mti kila jioni, apande isale. Mti huu ni wa Afrika yetu na huvumilia kivuli na ubaridi kuliko krotoni. Namna moja ina mstari wa manjano katikati ya jani. Wachaga wa Kilimanjaro hupanda masale kuwa mipaka ya vihamba, na mtu aliyekosana na mwenziwe humpelekea jani lake kuomba radhi. Hivyo ni pambo lenye heshima.

MWISHO WA HABARI YA MWALIMU

Yule mwalimu aliacha kutia maji. Aliutoa mti katika kopo, akakata mizizi iliyooza, akakata na shina lililokufa, hata kikabaki kisiki cha inchi 4. Akakipanda upya katika udongo mkavu kidogo, akakilaza ndani kila usiku na kukitoa kila asubuhi. Julai ikapita, na Agosti, pasipo badiliko lolote. Watoto wa shule walimwona akibeba kopo lenye kijiti, wakacheka kichinichini. Mwishoni mwa Septemba, joto liliporudi, kichipukizi kimoja kilitokea ubavuni, kijani kitupu. Mwezi uliofuata kikaanza kuonyesha mshipa wa manjano.

Mwaka wa pili, mvua zilipotulia, aliotesha matawi mawili kwa njia tuliyoieleza. Mche mmoja aliupeleka Muheza, akaupanda mbele ya ile nyumba mpya, mahali ulipokuwa ua wa zamani. Wa pili alinipa mimi. Uko dirishani pangu hapa niandikapo, nami kila niinuapo mkono kuutilia maji, kwanza natia kidole katika udongo.